Maswali Yenu: Watu Wanaongezeka, Madarasa Je?

Tuliomba maswali kuhusu sera ya idadi ya watu na maisha ya kila siku: shule, maji, kliniki, ajira. Tumechagua saba. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Nchi yetu ni kubwa na mapori yamejaa. Unaweza kusafiri muda mrefu bila kuona nyumba. Sera ya idadi ya watu ya nini?
*Msomaji, Urambo*

Mapori yapo, hatubishi. Tanzania nzima ina wastani wa watu wapatao 70 kwa kilometa ya mraba, ingawa Zanzibar wameshapita 700. Lakini wanaopanga hawahesabu nafasi ya kujenga vibanda. Wanaangalia watu wanaongezeka kwa kasi gani, kisha wanauliza kama shule, hospitali na ajira zinakwenda kwa kasi hiyo hiyo.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko hilo ni asilimia 3.2 kwa mwaka, kutoka 2.7 katika miaka kumi iliyotangulia. Kuna njia ya mkato ya hesabu: gawa namba 70 kwa asilimia ya ongezeko. Hapa 70 kwa 3.2 ni miaka 22 hivi, ambayo ndiyo muda wa idadi kuongezeka maradufu kama kasi haitabadilika. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa leo, akimaliza chuo, atakuta nchi inahitaji walimu mara mbili, vitanda vya wodi mara mbili na visima mara mbili, na hapo huduma kwa kila mtu itakuwa imebaki pale pale ilipo sasa. Kutaka hali iwe nzuri zaidi ni gharama nyingine juu ya hiyo.

Sera ya kwanza ya Taifa ilitoka 1992, ikaandikwa upya 2006. Anayeifungua akitarajia kusoma habari za vidonge tu atashangaa. Inagusa ajira, elimu, usawa wa jinsia, wazee, watu wenye ulemavu, UKIMWI, mazingira na ukusanyaji wa takwimu.

Mimi ni mtendaji wa kata. Halmashauri inataka makisio ya watoto na vyumba vya madarasa kwa miaka ijayo. Ninayo sensa ya 2022 tu. Nianzie wapi, na makosa gani niyaepuke?
*Mtendaji, Mkoa wa Geita*

Hili ndilo swali tulilofurahia kuliko yote, maana sera ya kitaifa hugeuka tofali au hubaki karatasi huko kwenye kata.

Anza na jumla. Tuseme kata ilihesabiwa watu 12,000 mwaka 2022. Kwa ongezeko la asilimia 3.2, zidisha 12,000 kwa 1.032, jibu ulizidishe tena kwa 1.032, mara 8 hadi ufike 2030. Utapata karibu 15,440. Wengi hukata njia: wanachukua asilimia 3.2 ya 12,000, yaani 384, wanazidisha kwa 8 na kujumlisha. Hapo wanapata 15,072 na kuwaacha nje watu 370 hivi, kwa sababu wamesahau kwamba walioongezeka nao wanaongeza.

Ile 3.2 ni wastani wa nchi. Kata yenye machimbo ya dhahabu au mwalo wa samaki inaweza kuizidi kwa mbali, na kata ambayo vijana wake wanahamia mjini itakuwa chini yake. Tafuta idadi ya kata yako ya 2012 kwenye majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) uilinganishe na ya 2022. Lakini kwanza hakikisha kata haikugawanywa katikati. Kata iliyomegwa huonekana kama imepoteza watu, na tumeona mipango inayosema watu wanapungua mahali ambapo watoto wanasomea chini ya mwembe.

Kwa madarasa, usitegemee jumla ya watu. Nenda zahanati uombe hesabu ya watoto waliopata Penta ya kwanza, ile chanjo ya wiki ya 6. Karibu kila mtoto hupitia hapo, hata aliyezaliwa nyumbani na hajapata cheti cha kuzaliwa. Tuseme zahanati zako zilichanja watoto 380 mwaka 2025. Kati yao wengine watafariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha vifo 43 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, ila sehemu kubwa ni ya mwezi wa kwanza, kabla ya Penta. Ukitoa 2 kwa kila 100 unabaki na 372. Hao watakuwa wametimiza miaka 6 ifikapo Januari 2032 na watataka darasa la kwanza. Darasa la awali watalitaka mwaka mmoja kabla.

Kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba. 372 kwa 45 ni 8.3, yaani vyumba 9. Usikimbilie kuandika vyumba 9 vipya. Angalia wanaotoka: kama darasa la mwisho lina wanafunzi 270, wataacha vyumba 6. Pengo la mwaka huo ni vyumba 3. Fanya hivyo kwa kila mwaka, kwa sababu kundi kubwa likishaingia linapanda nalo darasa kwa darasa. Na Sera ya Elimu ya toleo la 2023 inashusha elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, kwa hiyo katika mwaka wa kuhama mfumo madarasa mawili yatamaliza pamoja. Mwenzako wa sekondari aambiwe mapema.

Vyoo huachwa mwisho, na ndivyo vinavyomrudisha msichana nyumbani. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Wanafunzi 102 wa ziada, nusu kwa nusu, wanataka matundu 3 ya wasichana. Wavulana wangetosha kwa 2 na kidogo, kwa hiyo andika 3.

Ukishafika hapo, maji hayana ugumu wa hesabu. Sera ya Maji ya 2002 inataka kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, kisichozidi meta 400 kutoka nyumbani, na lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu 15,440 wanahitaji vituo 62, kutoka 48 vya mwaka 2022. Ila kuongeza mabomba bila kuongeza chanzo ni kugawana foleni tu. Lita 25 mara watu 15,440 ni lita 386,000 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 5,000 kwa saa, kikiendeshwa saa 10, kinatoa 50,000. Utahitaji visima 8 vya aina hiyo. Namba hii ya pili ndiyo tunayoikosa katika mipango mingi ya kata.

Yanayoharibu makisio ni haya. Sensa ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, kwa hiyo kambi ya wavuvi iliyokuwa imejaa usiku ule itaonekana kijiji kikubwa, na wafugaji waliokuwa wamehama wataonekana hawapo. Pili, akina mama huvuka mpaka wa kata kufuata zahanati yenye dawa, hivyo Penta ya kata yako inaweza kuwa na watoto wa jirani. Mwombe mhudumu akuonyeshe rejesta, ambayo huandika kijiji cha mtoto. Tatu, maboma (majengo ya shule ambayo hayajakamilika) hujengwa mahali ambapo wananchi wamechanga haraka, siyo lazima pale watoto walipo. Panga hesabu kwa kitongoji kabla ya kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, maana boma likishafika kwenye linta hakuna diwani atakayekubali lihamishwe.

Hizi sera zililetwa na Wazungu ili tupungue. Wao wanawahimiza watu wao wazae, sisi tunaambiwa tuache.
*Msomaji, Mombasa*

Shaka hiyo haikuzuka hewani. India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, ilifunga uzazi wa watu zaidi ya milioni 8 katika mwaka mmoja, wengi wakiwa wanaume maskini waliobanwa kwa mishahara, vibali na viwanja. China iliweka kikomo cha mtoto mmoja kutoka mwaka 1980 hadi 2015. Baadaye ikaruhusu wawili, kisha watatu mwaka 2021, na bado watu wake wakaanza kupungua mwaka 2022. Dola ikishawabana watu kwa kizazi kizima, kuwaambia wazae tena hakusaidii sana.

Ndiyo maana mkutano wa idadi ya watu na maendeleo wa Cairo, Septemba 1994, wa nchi 179, uliweka msingi mwingine: mume na mke, au mtu binafsi, ndiye anayeamua idadi na nafasi kati ya watoto, na kazi ya serikali ni kumpa taarifa na huduma. India yenyewe iliondoa malengo ya idadi ya wateja wa uzazi wa mpango mwaka 1996. Kwa upande wetu, Kenya ilianza mpango wake wa taifa wa uzazi mwaka 1967, na UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, ilianza Tanganyika mwaka 1959, kabla ya uhuru. Fedha za nje zimetumika sana, ni kweli, na nchi inayotegemea mfadhili kwa vijiti na sindano za uzazi wa mpango inabaki na rafu tupu siku mfadhili akibadili mawazo.

Badala ya kuuliza nani aliileta, angalia inavyotendeka kliniki. Muuguzi akipewa idadi ya vijiti vya kuweka kila mwezi na malipo yake yakafungwa hapo, kuna tatizo. Mwanamke akiambiwa hawezi kuondolewa vijiti kabla muda haujaisha, kuna tatizo. Kufungwa kizazi wakati wa upasuaji wa kujifungua bila kuelezwa na kutia saini ni kosa kubwa, na linastahili kuripotiwa.

Mwanangu wa kwanza ana miaka miwili, wa pili miezi minne. Nanyonyesha na hedhi haijarudi. Mume hataki nitumie njia yoyote, na zahanati wameniambia nije naye kwanza.
*Mama, Handeni*

Mama, tuanze na hilo la mwisho. Miongozo ya huduma za uzazi wa mpango Tanzania haiweki ruhusa ya mume kuwa sharti, na katika vituo vya serikali huduma hii ni bure. Ukirudishwa tena, omba kuonana na mganga mfawidhi. Kuja na mume ili naye aelezwe ni jambo zuri. Kumfanya awe kibali ndiko kusikokubalika.

Kwa sasa unyonyeshaji wenyewe unaweza kukulinda, mradi mambo matatu yatimie kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, bila maji wala uji. Likivunjika moja, ulinzi umekwisha. Wengi hupata mimba ya tatu hapo, wakisubiri hedhi irudi kwanza. Yai huweza kutoka kabla ya hedhi hiyo ya kwanza.

Una miezi miwili ya kuchagua. Vijiti, sindano, kitanzi (wengine huita lupu) na vidonge vya homoni moja vinakwenda na kunyonyesha. Vidonge vya homoni mbili visubiri mtoto apite miezi 6. Vijiti hudumu miaka 3 au 5 kulingana na aina. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hudumu miaka 10 au zaidi. Sindano ya miezi mitatu ni rahisi kuificha, na tunajua ndiyo sababu ya wengi kuichagua, lakini ukiiacha mimba inaweza kuchelewa miezi 9 au 10 kuja. Anayetaka mtoto mwakani asiianze.

Kinachowafanya wanawake wengi waache njia ni mabadiliko ya damu: inatoka kidogo kidogo, au inakatika kabisa. Kwa sindano na vijiti hilo ni la kawaida na si dalili ya uchafu kubaki tumboni. Muulize mhudumu kabla ya kuanza, siyo baada ya kuogopa. Ikitoka nyingi kupita kawaida, rudi.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kati ya kujifungua na mimba inayofuata. Nafasi fupi huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na yule anayeachishwa ziwa mapema hudhoofu. Mwambie mume wako hesabu hiyo. Wanaume wengi wanaokataa “kupunguza watoto” hawakatai kupanga nafasi.

Kenya tumeshusha uzazi kutoka watoto 8 kwa mwanamke hadi 3.4. Mbona kazi hakuna? Ile faida ya vijana tuliyoahidiwa iko wapi?
*Mwanafunzi, Nakuru*

Takwimu zako ni sahihi: 8.1 mwishoni mwa miaka ya 1970, 3.4 katika utafiti wa 2022. Mteremko wenyewe haukunyooka. Ulifika 4.7 mwaka 1998, ukakwama na hata kupanda hadi 4.9 mwaka 2003, wakati fedha na watumishi walihamia kwenye UKIMWI na dawa za uzazi wa mpango zikawa zinakatika vituoni. Na wastani unaficha mengi: mwaka 2022 Nairobi ilikuwa 2.5, Mandera 7.7.

Faida unayoisema hutoka kwenye muundo wa umri. Watoto wanapopungua, kila mfanyakazi anakuwa na wategemezi wachache, familia na serikali zinapata akiba, na akiba hiyo ikiwekezwa uchumi unapanda. Tanzania bado iko mbali na hapo: takriban watu 43 kwa kila 100 wako chini ya miaka 15, na ukiwaongeza wazee unapata wategemezi karibu 87 kwa kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi. Kenya imesogea mbele zaidi.

Lakini muundo wa umri unafungua mlango tu. Korea Kusini ilishuka kutoka watoto zaidi ya 5 mwaka 1960 hadi chini ya 2.1 katikati ya miaka ya 1980, na vijana wale walikuta viwanda vya kuuza nje vikiwasubiri, wakiwa wameshasoma. Kenya ilifuta ada ya msingi mwaka 2003, karibu robo karne baada ya uzazi kuanza kushuka, na viwanda vyake havikukua kwa kasi ya wahitimu. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2017 kuwa mwaka wa kuvuna faida hiyo kwa kuwekeza kwa vijana. Hotuba zilikuwa nzuri. Ajira hazizaliwi na kaulimbiu.

Halafu kuna msukumo wa zamani. Wasichana waliozaliwa wakati wa familia kubwa ndio akina mama wa leo, na ni wengi. Hata kila mmoja akizaa wachache, jumla ya watoto haishuki haraka. Ndiyo maana Kenya ilitoka watu 38,610,097 mwaka 2009 hadi 47,564,296 mwaka 2019, karibu milioni moja kila mwaka, huku kila mama akizaa wachache kuliko mama yake.

Mnazungumza watoto na vijana. Sisi wazee tumo?
*Mstaafu, Pemba*

Shikamoo mzee. Mmo, ingawa kwa ufupi kuliko inavyostahili. Waliofikisha miaka 65 Tanzania ni kama 4 tu kwa kila 100, hivyo bajeti huwasahau kirahisi. Zanzibar imetangulia: Aprili 2016 ilianza pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, hata ambaye hakuwahi kuajiriwa, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapandishwa. Mpango wa namna hii hukwama kwenye ushahidi wa umri. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kukifuatilia akiwa na miaka 60, siyo 70.

Binti yangu alipata mimba akiwa kidato cha pili. Mtoto sasa ana miezi saba. Mkuu wa shule anasema nafasi imejaa. Ana haki ya kurudi?
*Mzazi, Lindi*

Anayo. Serikali iliondoa zuio la wasichana waliojifungua kurudi shuleni Novemba 2021, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo unamruhusu kurejea ndani ya miaka miwili. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana: mwaka 2022, wasichana 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba, na msichana anayerudi shuleni huchelewa kupata mtoto wa pili.

Andika barua kwa mkuu wa shule, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Taja darasa alilokuwa, tarehe aliyoacha na kwamba anaomba kurejea. Kama sababu ni nafasi kweli, omba uhamisho kwenda shule nyingine ya kata jirani. Wasichana wengine huona afadhali hivyo, mbali na wanaowajua. Akikataliwa, omba jibu kwa maandishi ulipeleke kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Kama miaka miwili imepita, ulizia njia mbadala ya sekondari kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ina vituo mikoani.

Panga mapema nani atabaki na mtoto, maana hapo ndipo wengi huacha tena baada ya wiki chache. Na kila barua unayopeleka baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, la sivyo mtabishana ile miaka miwili ilianza kuhesabiwa lini.